Mikanda ya Mwalimu

Wazee wetu wa Msimbati vita walivijua kabla ya Kagera. Toka 1964 FRELIMO na Mreno walipigana ng'ambo ya Ruvuma. Oktoba 1978 Amin akavamia. Mwalimu akampiga, Kampala ikaanguka Aprili 1979, kisha akatuomba tukaze mikanda miezi 18. Wapi! Miezi ikawa miaka. Sabuni foleni, sukari foleni. Masharti ya IMF Mwalimu aliyagomea, aking'atuka 1985. Mwinyi akayakubali 1986. Na kumbe 1982 gesi ilishagunduliwa hapa hapa Mnazi Bay, ikalala chini miaka zaidi ya 20!

Kwa Kagera namvulia kofia Mwalimu. Ila, vijana wenzangu, ushindi ule umeshaandikwa sana. Foleni ya sabuni nayo ni historia. Waliopanga bado wapo; tukawaulize.