Timu ya Kahawa, na Timu Zetu za Kambini

Mwaka 1970 ubingwa wa mpira Uganda ulichukuliwa na kahawa. Sifanyi mzaha. Timu iliitwa Coffee, na mwenye timu alikuwa Coffee Marketing Board, bodi ya serikali iliyonunua kahawa ya wakulima na kuiuza nje. Kiwanda chake na maghala yake makubwa vilikuwa hapa Bugolobi, Kampala.

Familia yangu iko Kyaka II, mimi nalinda geti Bugolobi usiku. Ukiuliza vijana wa hapa habari za Coffee, wanakuonyesha mahali pa kunywa kahawa. Ni wazee tu wanaocheka na kusema, “Aa, ile timu!” Mimi ni mtu wa mpira, basi nikataka kujua: timu bingwa inasahaulikaje mpaka kwenye mtaa wake wenyewe?

Ligi ya taifa ya Uganda ilianza mwaka 1968. Bingwa wa kwanza alikuwa Prisons, timu ya askari wa magereza, na mwaka 1969 wakalichukua tena. Luzira, kwenye gereza kuu, si mbali na hapa. Msimu wa tatu, 1970, ndipo Coffee wakawapokonya. Januari 1971 Idi Amin akapindua serikali, na mwaka huo bingwa akawa Simba, timu ya jeshi. Mwaka 1972 Simba hao walifika fainali ya klabu bingwa Afrika, wakafungwa na Hafia ya Guinea, 4–2 kule Conakry na 3–2 hapa Kampala.

Sasa angalia hiyo orodha vizuri. Gereza, kahawa, jeshi. Ukiendelea mbele unakuta baraza la jiji, KCC, mwaka 1976, halafu benki, Uganda Commercial Bank, mwaka 1979. Mpira wa wakati ule ulikuwa wa ofisi. Mchezaji alipewa kazi, akaandikwa karani au mtu wa stoo, akapata mshahara mwisho wa mwezi, na jioni akaenda mazoezini. Kwa kijana wa familia maskini hiyo ilikuwa bahati kubwa: mguu wake ulimpa kazi. Na pesa ya Coffee, ukiifuata mpaka mwanzo wake, ilitoka kwa mkulima aliyeanika kahawa yake uani, maana kahawa ndiyo iliyoingizia Uganda pesa nyingi za kigeni.

Lakini mti uliouegemea ukianguka, nawe unaanguka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali iliruhusu makampuni binafsi kununua na kuuza kahawa nje, na bodi ikapoteza nguvu yake. Coffee haijawahi kuchukua ligi tena. Taji lake la ligi ni lile moja tu, la 1970.

Hapo mtu atasema: basi timu zote za ofisi hufa? Hapana. KCC ilianza mwaka 1963 na wafanyakazi wa idara ya maji machafu ya jiji, idara ambayo mitambo yake ilikuwa hapa hapa Bugolobi. Leo inaitwa KCCA na bado ipo, kwa sababu jiji bado lipo na bado linalipa. Kisha kuna Express. Hiyo ilianzishwa mwaka 1957, jina lake likatoka kwenye gazeti, Uganda Express. Gazeti lilikufa zamani. Timu iko hai mpaka leo, kwa sababu washabiki waliichukua ikawa yao. Waganda wanaiita Mukwano gwa Bangi, rafiki wa wengi.

Sisi tuliotoka Kongo tunaijua hadithi ya namna hii. Mazembe ya Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenediktini. Baadaye ikaitwa Englebert, jina la matairi ya gari. Kwa jina hilo la matairi ilichukua ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968. Matairi yalikwenda zao, timu ikabaki na watu wake.

Kwa nini nawaandikia haya ninyi mlioko kambini, na ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika? Kwa sababu timu zetu nazo ni za ofisi. Kule kwetu kulikuwa na timu nzuri, imepewa jina la mradi. Jezi zilikuwa na alama ya mradi kifuani, mipira ilikaa stoo ya mradi, na daftari la majina lilikuwa kwa afisa wa mradi. Mradi ulipoisha, gari lilikuja kubeba vitu. Vijana ishirini na kitu walibaki na viatu vyao tu. Leo ukiuliza nani alifunga bao la fainali, watu wanabishana.

Sisemi mashirika yasitoe mipira. Toeni, tena asanteni sana. Ila jina la timu wachague wachezaji wenyewe. Mipira ilale kwa nahodha au kwa mama mmoja anayeaminika kwenye bloku. Kila mchezaji atoe shilingi mia tano kwa mwezi, hata kama shirika linalipa kila kitu, ili siku likiondoka kuwe na cha kununulia pampu.

Na daftari likae kwetu. Mwanafunzi mmoja wa darasa la saba anatosha: tarehe, majina kumi na moja, matokeo, nani alifunga, dakika ya ngapi. Jumapili hii kuna mechi. Mtu aende na kalamu.