Karanga za Kongwa

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imeshinda vita, lakini jikoni mafuta yalikuwa haba. Majarini na mafuta ya kupikia yalikuwa bado ya mgawo. Frank Samuel wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, akapeleka wazo serikalini: karanga zilimwe kwa matrekta katika mapori ya Afrika Mashariki. Serikali ikamtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, akachunguze. Yeye na wenzake walimaliza kazi kwa wiki tisa, na ardhi kubwa waliitazama wakiwa ndani ya ndege. Ripoti yao ilipendekeza ekari 3,210,000 zilimwe ndani ya miaka sita, nyingi zikiwa Tanganyika, kwa karibu pauni milioni 25.

Kazi ikaanzia Kongwa, Ugogo.

Wagogo walikuwa wameishi na ukame vizazi vingi. Walipanda mtama na uwele, mazao yanayovumilia jua, na ng'ombe wao waliwatawanya kwa jamaa na marafiki wa vijiji vya mbali ili balaa la mahali pamoja lisimalize zizi zima. Huo ulikuwa mpango kamili wa kukabili hatari, uliojaribiwa na miaka mibaya. Waliokuja na ramani hawakuuona kuwa elimu.

Mwaka 1947 matingatinga yakaingia porini. Mengi yalikuwa mitumba ya jeshi, na mengine yalikuja kuundwa kwa vifaru vya vita. Mizizi ya vichaka iliyasumbua, yakaharibika haraka kuliko mafundi walivyoweza kuyatengeneza, na spea zilichukua safari ndefu kufika. Udongo nao ulikuwa wa mfinyanzi uliochanganyika na mchanga mkali unaokula vyuma. Mvua zikikatika, ulikauka ukawa mgumu mno, karanga zikanaswa humo zisichimbike. Lengo la mwaka ule wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizolimwa zilikuwa kama 7,500.

Hata hivyo lengo kuu halikupunguzwa kwa muda mrefu, na hapa ndipo lawama nzito inapostahili kuwekwa. Hakukuwa na shamba la majaribio la misimu michache, wala nafasi katika ratiba ya kukosea na kujirekebisha. Waziri wa Chakula, John Strachey, aliendelea kuutetea mradi bungeni huku Kongwa ikizidi kuzama. Januari 1951 serikali iliuacha. Takriban pauni milioni 36 zilifutwa kwenye vitabu.

Elimu ya kusimamia miradi ilichelewa kupata maneno ya kueleza kosa hilo. Mbinu maarufu za kupanga miradi kwa mchoro wa mtandao wa kazi zilibuniwa Marekani miaka michache baadaye, 1957 na 1958, na kwa muda mrefu wataalamu walipima mradi kwa muda, gharama na ubora. Mwaka 1967 mwanauchumi Albert Hirschman akachapisha uchunguzi wake wa miradi ya Benki ya Dunia, akitazama jinsi miradi inavyokutana na matatizo ambayo wapangaji hawakuyatarajia. Mwaka 1973 mwanaikolojia C. S. Holling akaandika juu ya ustahimilivu wa mifumo ya viumbe, na fikra hiyo ikaja kuingia katika utafiti wa miradi: mradi ukipigwa, unaweza kubadilika ukaendelea? Kwa kipimo hicho, zizi la Mgogo lilikuwa mbele ya ofisi za London.

Kilichodumu ni kile kilichopata kazi nyingine. Kongwa ikawa ranchi ya ng'ombe, na miaka ya 1960 ikapokea kambi za wapigania uhuru wa ANC, SWAPO na FRELIMO. Kusini, Nachingwea, kituo kingine cha mradi, ikawa mahali pa mafunzo ya FRELIMO. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwa ajili ya karanga iling'olewa miaka ya 1960, lakini bandari ya kina kirefu iliyojengwa pamoja nayo inafanya kazi hadi leo, na korosho za kusini husafirishwa kupitia hapo.