Undugu, Urafiki na Ushirika katika Uchoraji wa Tingatinga: Msasani, 1968–1990

Historia ya sanaa mara nyingi huandikwa kwa kufuata jina la mtu mmoja. Makala haya yanadai kwamba, kwa mtindo wa Tingatinga, njia hiyo haitoshi: kilichouhifadhi mtindo huo ni uhusiano wa watu waliofanya kazi pamoja.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, akahamia Dar es Salaam kutafuta riziki. Kuanzia mwaka 1968 alichora Msasani, Kinondoni, akitumia vipande vya mraba vya hadibodi na rangi za baiskeli. Picha ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay, ambako wanunuzi wengi walikuwa wageni. Wanafunzi wake wa mwanzo, wakiwamo January Linda, Adeusi Mandu, Casper Tedo, Simon Mpata na Ajaba Abdallah Mtalia, wengi walikuwa ndugu au watu wa kwao. Undugu, basi, ndio uliokuwa shule.

Mwaka 1972 Tingatinga aliuawa kwa risasi ya polisi, kwa kudhaniwa mhalifu. Kifo hicho kingeweza kuufuta mtindo uliokuwa na umri wa miaka minne tu. Mpata alihamia Nairobi. Wengine walibaki palepale dukani, wakawaingiza jamaa na marafiki zao. Mwaka 1990 uhusiano huo ulipata sura ya kisheria: Ushirika wa Sanaa wa Tingatinga.

Ulinganisho na Marekani unafafanua hoja. Mfinyanzi Peter Voulkos, aliyeanza kufundisha Los Angeles mwaka 1954, alifanya kazi bega kwa bega na wanafunzi wake Paul Soldner, John Mason na Ken Price. Wao walikutanishwa na chuo, kila mmoja akajulikana kwa jina lake. Msasani hapakuwa na chuo. Chombo pekee cha kurithishana ujuzi kilikuwa jamaa, na jina la marehemu likawa mali ya wote.

Mali hiyo ilikuwa na gharama. Mchoraji hutia saini yake, lakini mnunuzi huondoka na “Tingatinga”. Umoja uliowalinda wachoraji sokoni ndio huohuo uliowafunika. Kwa hiyo mtafiti wa mtindo huu hana budi kuanza na saini iliyo pembeni mwa picha, kabla ya jina la mtindo.