Vimondo vya Nyanda za Juu Kusini

Kutoka Makambako, barabara moja hupitia Njombe kwenda Songea, nyingine huelekea Mbeya hadi Tunduma. Pande zote mbili zimewahi kupokea vimondo.

Mwezi Oktoba 1899, enzi za Wajerumani, kimondo cha gramu 165 kilianguka Peramiho, karibu na Songea. Ni kipande cha mwamba ulioyeyuka na kuganda kwenye asteroidi.

Tarehe 16 Desemba 1938 kingine kilianguka Ivuna, katika bonde la Ziwa Rukwa. Ziliokotwa gramu zipatazo 700 tu, lakini kwa sayansi hicho ndicho hazina kuu ya kanda hii. Kundi moja la vimondo vyenye kaboni huitwa CI, na herufi I ni ya Ivuna. Ukiondoa gesi nyepesi, kemia yake inakaribiana mno na ya Jua, hivyo kimehifadhi malighafi iliyounda sayari. Chombo cha Japani, Hayabusa2, kilipoleta vumbi la asteroidi Ryugu mwaka 2020, vumbi hilo lilionekana kuwa la jamii ya Ivuna.

Upande huohuo wa Mbeya kuna kimondo cha Mbozi, chenye tani zipatazo 16, ambacho kilianguka zamani sana hata shimo lake likafutika. Wenyeji walikijua kabla ya mpima ardhi W. H. Nott kukitangaza mwaka 1930, kwenye kilima cha Marengi. Takriban asilimia 90 yake ni chuma, kilichobaki zaidi ni nikeli.

Chuma ndicho kilichokiokoa. Katika vimondo vinavyoonekana vikianguka, vya chuma ni kama kimoja kati ya ishirini; vingine karibu vyote ni mawe, na mvua za nyanda za juu huyaozesha haraka. Jangwani Oman vimeokotwa maelfu kwa sababu ya ukavu, wala si kwamba huko huanguka vingi zaidi. Misitu na mashamba ya Njombe nayo yamepokea fungu lake, ila halionekani.

Kila siku Dunia hupokea makumi ya tani za vumbi la angani. Asteroidi yenye ukubwa wa gari huingia angahewa karibu kila mwaka na kuungua. Ya mita 20 hivi, kama iliyolipuka juu ya Chelyabinsk, Urusi, tarehe 15 Februari 2013 na kujeruhi watu wapatao 1,500, huja baada ya miongo kadhaa. Ya kilomita 10, kama iliyowaangamiza dinosauri miaka milioni 66 iliyopita, huchukua makumi ya mamilioni ya miaka, pengine zaidi.