Kimya na Kunyamaza

Mwanafunzi wa Kiingereza aghalabu huyafasiri maneno manne kwa neno moja, kimya. Kumbe asili zake ni mbalimbali. “Still” ni neno la kale la Waingereza wenyewe, nalo lahusu kutotikisika. “Quiet” shina lake ni Kilatini, na maana yake ya asili ni pumziko. Hapo utulivu wafaa zaidi. “Silence” nalo ni la Kilatini, lililopitia Kifaransa, na maana yake ni kukosekana kwa sauti. La nne, “tacit,” latoka katika kitenzi cha Kilatini cha kunyamaza, na leo husemwa juu ya ridhaa isiyotamkwa.

Tofauti hiyo iliwahi kupimwa kwa roho ya mtu. Mwaka 1534 Thomas More, aliyepata kuwa waziri wa Mfalme Henry VIII, alikataa kula kiapo, wala hakutaja sababu; akafungwa. Katika hukumu yake, Julai 1535, washtaki walidai kwamba kunyamaza kwake ni dalili ya nia mbaya. Akawajibu kwa kanuni ya sheria: anyamazaye huhesabiwa amekubali. Ushahidi uliomwangusha, hata hivyo, haukuwa wa kimya: Richard Rich aliapa kuwa alimsikia akitamka maneno ya kumpinga mfalme. Tarehe 6 Julai akakatwa kichwa.

Basi mfasiri na apime. Kimya chaweza kuwa cha usiku au cha nyumba tupu. Kunyamaza ni kwa mwenye ulimi, naye huulizwa alichonyamazia.