Janga la Korona na Mafunzo ya Upasuaji wa Macho: Yanamhusuje Mtoto Wako?

Wakati wa korona, huenda uliambiwa upasuaji wa jicho la mama yako au la mtoto wako umeahirishwa. Siku hizo hizo, madaktari waliokuwa wakisomea ubingwa wa macho nao walikosa nafasi ya kujifunza kupasua.

Upasuaji wa macho haujifunzwi kwa kusoma tu. Daktari anayejifunza hukaa kwenye hadubini, mwalimu wake akiwa pembeni. Leo hufanya hatua moja ya kutoa mtoto wa jicho, siku nyingine hatua inayofuata, mpaka aweze kufanya kazi yote mwenyewe. Uingereza, kwa mfano, wakati wa korona alitakiwa kufikisha upasuaji 350 wa mtoto wa jicho ndipo ahitimu. Mkono hauzoei kwa siku moja. Nawe hukujifunza kusukuma chapati ya duara kwa kutazama.

Mwaka 2020, hospitali za nchi nyingi zilisimamisha upasuaji usio wa dharura, na mtoto wa jicho kwa watu wazima aliwekwa kundi hilo. Sababu ilikuwepo. Daktari wa macho humkaribia mgonjwa karibu uso kwa uso. Dk. Li Wenliang wa Wuhan, China, aliyewatahadharisha wenzake mapema kuhusu ugonjwa huu, alikuwa daktari wa macho. Ulimuua Februari 2020.

Njia moja ya kupunguza pengo ni kufanya mazoezi kwenye macho bandia. Utafiti uliohusisha madaktari wanafunzi kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Zimbabwe ulionyesha kuwa waliofanya mazoezi hayo kwanza walipasua vizuri zaidi, na wagonjwa wao walipata madhara machache. Kwa hiyo usiogope ukisikia daktari bado anajifunza. Uliza tu nani atapasua na nani atamsimamia. Ni haki yako.

Kwa mtoto mdogo, kungoja kuna hasara kubwa zaidi. Ubongo wake hujifunza kuona katika miezi na miaka ya mwanzo. Jicho likizibwa muda mrefu, ubongo huliacha, na hata likisafishwa baadaye huenda lisione vizuri. Ukiona weupe katikati ya mboni, macho yanayochezacheza, makengeza, au mtoto wa miezi mitatu asiyekufuata kwa macho, mpeleke kituo cha afya wiki hiyo hiyo, hata kama kuna mlipuko wa ugonjwa. Weupe huo unaweza pia kuwa saratani ya jicho, nayo haisubiri. Usimtie maziwa ya mama wala dawa za majani.

Ikiwa tarehe imeahirishwa, omba mpya iandikwe kwenye kadi, na uchukue namba ya simu ya kliniki ya macho. Mtoto akishapasuliwa, safari bado: atahitaji miwani, na mara nyingi jicho zima hufunikwa kwa saa kadhaa kila siku ili lile lililopasuliwa lifanye kazi. Atalia na kukivua kifuniko. Mrudishie.