Udongo wa Amukura Haukuwa na Kosa

Wasee, ukipita Amukura uone muhogo umesimama kati ya mawe, usisifu udongo pekee. Katikati ya miaka ya 1990 udongo ulikuwa huu huu, na muhogo ukaisha.

Batobato kali ilitoka Uganda ikavuka mpaka bila kupanga foleni Malaba. Majani yanajikunja, yanapata mabaka ya njano, mizizi inabaki kama vidole. Inzi weupe waliisambaza, lakini hata sisi tulisaidia. Muhogo tunapanda vijiti, na kila kijiti ni kopi ya mama yake, virusi ndani. Ukikipeleka shamba lenye rutuba, umehamisha ugonjwa tu.

Kinga ilitoka kwa ukoo wa mmea. Miaka ya 1930, kituo cha Amani kule Usambara, H. H. Storey na wenzake walichanganya muhogo na jamaa yake, mpira wa Ceara. Mizizi ya huyo jamaa hailiki, so ilibidi warudie kuchanganya uzao na muhogo tena na tena. Uzao ukafika Ibadan, Nigeria, na huko ikatoka TMS 30572. Uganda wakaiita Migyera, ikavuka hadi Busia.

Lakini nasi tusiabudu mbegu. Migyera ukiipanda kwa kinamasi, itaoza kama muhogo wa nyanya yako. Halafu kuna michirizi ya kahawia, iliyorudi Uganda 2004. Majani yanaweza kukudanganya. Kabla uombe jirani vijiti, mwambie apasue mzizi mmoja muuangalie.